TILMAN: Mkulima wa kahawa aliyesajili mashua ya miaka 48

MBINGA ni mji wa kahawa. Msimu ukifika, kuanzia kijiweni hadi stendi, watu wanaongea bei, malipo na nani kavuna magunia mangapi. Lakini ukiteremka kilomita 66 za lami yenye kona za kutosha hadi Mbamba Bay, stori zinabadilika. Kule ni dagaa Nyasa, upepo wa kusini na boti.

Niliteremka huko baada ya kumaliza kazi ya mechi moja ya ligi ya wilaya. Ufukweni nikakuta watu wameizunguka mashua moja kuukuu inayouzwa. Mnunuzi, baba mmoja wa makamo, hakuwa na haraka. Alitoa kisu kidogo, akawa anachoma mbao za chini moja baada ya nyingine. Kisu kikizama kirahisi, anatikisa kichwa. Akalala chali mchangani kuukagua mkuku, akagonga mataruma, akachungulia maji yaliyotuama ndani. Muuzaji alikuwa anaisifia rangi. Mnunuzi wala hakuiangalia.

Nikasema moyoni, huu ndo usajili. Sisi watu wa soka tunaujua ugonjwa wetu. Mchezaji ana miaka 34, jina kubwa, viatu vinang'aa, klabu inamsainisha bila kumpima goti. Mechi ya tatu yuko kwenye machela.

Yule baba alinikumbusha mwanamichezo mmoja ambaye hapa kwetu hatajwi sana, wakati alianzia maisha yake ya utu uzima hapa hapa Afrika Mashariki, tena kwenye shamba la kahawa. Anaitwa Bill Tilman.

SHAMBA LA BAHATI NASIBU

Jina lake kamili ni Harold William Tilman. Alizaliwa Februari 14, 1898, Wallasey, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sukari. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta shuleni, akaenda jeshini akiwa kijana mdogo, akawa ofisa wa mizinga na kupigana Somme. Alitoka na nishani ya Military Cross mara mbili. Vita inaisha, ana miaka 20 tu.

Mwaka 1919 akaja Kenya. Serikali ya kikoloni ilikuwa inawagawia wanajeshi wa Kizungu mashamba kwa bahati nasibu, na ardhi yenyewe ilikuwa imechukuliwa kwa wenyeji. Kule Sotik, wenyeji hao ni Wakipsigis. Jamaa akaanza kufyeka msitu. Kwanza alilima kitani, bei ikaporomoka, akahamia kwenye kahawa. Mkulima wa Mbinga haitaji kuelezwa maana yake. Unapanda mche leo, unasubiri miaka mitatu, minne, ndo uone tunda la maana. Tilman alijifunzia subira hapo.

Mwaka 1930 alikutana na mkulima mwenzake kijana, Eric Shipton, wakaanza kupanda milima. Walianza na Kilimanjaro, kisha mwaka huohuo wakaupanda Mlima Kenya kwa kupitia ukingo wa magharibi, njia ngumu kwelikweli. Mwaka 1932 wakaenda Ruwenzori. Mwaka 1933 alipoamua kurudi kwao, hakupanda meli Mombasa kama watu wengine. Alinunua baiskeli Uganda, akaikanyaga hadi pwani ya Kameruni, karibu kilomita 5,000, peke yake.

Mwaka 1936 yeye na Noel Odell walifika kileleni Nanda Devi, India, mita 7,816. Hakuna binadamu aliyekuwa amefika kilele kirefu kuliko hicho hadi wakati huo, na rekodi ilidumu hadi 1950. Mwaka 1938 aliongoza msafara wa Everest. Vita ya Pili ilipokuja akarudi jeshini, akaangushwa kwa parachuti Albania na Italia kupigana bega kwa bega na wapiganaji wa msituni. Umri wake ulikuwa umeshapita miaka 40.

BASI LA TIMU

Sasa tufike 1954. Tilman ana miaka 56. Hana mke, hana mtoto. Milima mirefu ya Himalaya imeanza kumkatalia. Akili yake ikaenda kwenye milima ya mbali isiyo na barabara wala reli, Patagonia kule kusini mwa Amerika na Greenland kaskazini. Kufika huko lazima upite baharini, na yeye hakuwa baharia. Alichotaka ni basi la timu.

Matajiri wa enzi hizo waliotaka kusafiri baharini waliagiza mashua mpya. Tilman hakwenda huko. Alikwenda kutafuta mashua ya marubani wa Mlango wa Bristol.

Rubani hapa siyo wa ndege. Ni mtu anayeijua bandari yake kama kiganja, anayepanda meli ya kigeni na kuiongoza hadi ndani. Zamani zile Cardiff ilikuwa bandari kubwa ya makaa ya mawe, meli zilikuwa nyingi na marubani walikuwa wanagombania kazi. Aliyeifikia meli kwanza ndo alilipwa. Kwa hiyo kila siku ilikuwa mbio, kiangazi na dhoruba. Mashua ilibidi iwe na kasi, lakini pia iwe imara, na iwe rahisi kiasi kwamba rubani akishapanda meli, mtu mmoja na kijana wake wanairudisha nyumbani. Ushindani ule ndo uliozaa moja ya mashua bora kabisa za tanga kuwahi kujengwa.

Uthibitisho upo. Mwaka 1925 mbio za kwanza za Fastnet, mashindano makubwa ya mashua za bahari kuu, zilishindwa na Jolie Brise, mashua ya marubani wa Ufaransa iliyojengwa 1913. Ikashinda tena 1929 na 1930 ikiwa chini ya Robert Somerset. Somerset huyo alikuja kuwa rafiki wa Tilman na kumshauri mambo ya bahari. Yaani mzee alikwenda sokoni akiwa na skauti wa uhakika.

Mashua aliyoipata ilikuwa Mallorca, kisiwa cha Hispania. Jina lake Mischief, yaani utundu. Ilijengwa Cardiff mwaka 1906. Kwa kulinganisha, meli Chauncy Maples ya wamisionari, iliyoletwa Ziwa Nyasa ikiwa vipande vipande, iliingizwa majini 1901. Ndo rika lake. Mischief ilikuwa na urefu wa futi 45, upana futi 13, na ilizama majini zaidi ya futi saba. Marubani walishaiuza zamani, ikapita mikononi mwa matajiri wa kutembea nayo tu. Miaka 48 baharini.

Kwa nini mtu anunue kitu kama hicho? Hesabu ni hii. Tanga likichanika unashona. Kamba ikilika unabadili. Mlingoti ukivunjika unachonga mwingine. Lakini mkuku na mataruma yakioza, umenunua kuni. Maadui wawili wakubwa wa mashua ya mbao ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao, ambaye kwenye maji baridi kama ya Nyasa hayupo, na maji ya mvua yanayopenya juu na kutulia kwenye pembe, ambayo huku kwetu yapo tele. Maji ya chumvi yanaihifadhi mbao. Maji ya mvua yanaiozesha. Ndo maana fundi mzuri hakagui rangi.

Na hesabu ya pili ni kwamba bei ya kununua ni utangulizi tu. Kalafati, matanga, kamba, rangi ya chini, kila mwaka. Mtu asiye na subira ya mche wa kahawa hawezi kumiliki chombo cha aina hiyo.

KUIZUNGUKA AFRIKA

Wafanyakazi Tilman aliwatafuta kwa tangazo gazetini, akisema wazi kuwa mshahara hakuna na raha ni kidogo. Mwaka 1955 Mischief iling'oa nanga, ikapita Mlango wa Magellan, wakavuka barafu ya Patagonia kwa miguu, wakarudi kwa njia ya Panama mwaka uliofuata. Kama maili 20,000.

Mwaka 1957 hadi 1958 akaizunguka Afrika nzima. Alipita Rasi ya Tumaini Jema, Durban, Beira, Visiwa vya Komoro, akapandisha Bahari ya Hindi hadi Suez. Yule mkulima wa Sotik alirudi upande wetu akiwa nahodha.

Baada ya hapo ilikuwa visiwa vya Crozet, kisha Greenland karibu kila kiangazi. Siyo kila safari ilikuwa nzuri. Wafanyakazi wengine waligombana naye, wengine waliacha njiani. Katika safari ya kusini ya 1966 hadi 1967, baharia wake mmoja alianguka baharini, hakuonekana tena. Hilo haliwezi kufutwa kwenye rekodi yake.

Mwaka 1968, karibu na kisiwa cha Jan Mayen, Mischief iligonga mwamba. Waliisogeza ufukweni wakaziba walivyoweza, barafu ikaja kuibana. Meli ya Norway ilipokuwa inaivuta, maji yakawashinda. Ikazama ikiwa na miaka 62, baada ya kumbeba Tilman zaidi ya maili 100,000. Mzee aliomboleza kama mtu aliyefiwa na wa nyumbani.

USAJILI WA PILI NA WA TATU

Hapa ndo ninapobishana na Tilman. Ana miaka 70. Angeweza kupumzika. Badala yake akanunua mashua nyingine ya marubani, Sea Breeze, iliyojengwa 1899. Yaani kuukuu kuliko ile ya kwanza. Mwaka 1972 ikavunjikia kwenye miamba ya Greenland mashariki, watu wote wakaokoka. Akanunua ya tatu, Baroque, ya 1902. Hii ilimla fedha kwa matengenezo, na safari zake nyingi zilikuwa za kuhangaika.

Unaona kinachotokea kwenye klabu zetu. Mkongwe wa kwanza anakupa ubingwa, basi unaamini wakongwe wote ni dawa. Mischief ilikuwa bora kwa sababu mbao zake zilikuwa nzima na mwenye nayo alikuwa bado na nguvu za kuitunza. Tarehe ya kujengwa haikuwa siri ya mafanikio. Miaka 14 ya matunzo ndo ilikuwa siri.

Mwaka 1977 akaondoka Uingereza na En Avant, meli ya zamani ya kuvuta meli iliyofungwa matanga. Safari hii hakuwa mnunuzi wala nahodha. Nahodha alikuwa kijana, Simon Richardson. Walifika Rio de Janeiro, wakaondoka mwanzoni mwa Novemba kuelekea Falkland na barafu ya kusini. Hawakufika. Si chombo wala mtu aliyeonekana tena. Tilman alikuwa amebakiza miezi michache atimize miaka 80, lakini waliokuwa naye wengi walikuwa vijana. Kwangu mimi hiyo ndo bei inayouma zaidi.

Pale Mbamba Bay yule baba alimaliza kukagua, akafuta kisu chake kwenye suruali. Mbao mbili zilikuwa zimeoza upande wa tezi. Alisema atanunua kama muuzaji atatoa gharama ya mbao hizo mbili na kalafati mpya kwenye bei. Muuzaji alikataa, akarudi kwenye stori ya rangi. Nilipoondoka kuwahi gari la Mbinga, walikuwa bado wanabishana, na mnunuzi alikuwa bado hajatoa hata shilingi mfukoni.