Apolo Kagwa, Askari Aliyetunza Habari za Kale

Mto Mara hupita katika nchi ya Serengeti na Tarime, kisha huingia katika Ziwa la Viktoria. Ng'ambo ya Ziwa hilo, upande wa kaskazini, iko nchi ya Buganda. Huko aliishi Apolo Kagwa, mtu aliyejulikana kwanza kwa bunduki yake, na baadaye kwa kalamu yake.

Alizaliwa karibu na mwaka 1864, katika ukoo wa Senene. Alipokuwa kijana alitumika katika jumba la Mfalme Mutesa, na baada yake la Mfalme Mwanga, aliyeanza kutawala mwaka 1884. Huko alijifunza kusoma na kuandika kwa wamisionari, akawa Mkristo. Mwaka 1886 Mwanga aliwaua vijana wengi Wakristo, na wengine wakachomwa moto mahali paitwapo Namugongo. Kagwa alipigwa, lakini aliachwa hai. Baadaye mfalme huyo huyo akamfanya mkubwa wa askari wenye bunduki.

Mwaka 1888 vita vya dini vilizuka. Mwanga alikimbilia kusini ya Ziwa, nchi ya Wasukuma, na Kagwa na wenzake wakakimbilia Ankole. Mwaka uliofuata walirudi wakipigana. Kiongozi wao alipouawa vitani, Kagwa alishika mahali pake, na Mwanga akarudishwa katika kiti chake. Hapo Kagwa alifanywa Katikiro, yaani waziri mkuu, akakaa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1926.

Vita vile vilimwonyesha Kagwa hatari kubwa. Habari za Buganda zilikuwa hazijaandikwa. Zilikaa katika vichwa vya wazee. Wengine walikufa vitani, wengine kwa uzee, na kila mmoja alizikwa pamoja na mambo aliyoyajua. Tena mambo mapya yaliingia kwa haraka, na vijana waliojifunza kusoma walisoma habari za nchi nyingine, wala hawakuwa na kitabu cha nchi yao wenyewe.

Basi Kagwa aliwauliza wakuu wa koo na wazee wenye kumbukumbu, akaandika kwa Kiganda, lugha ya watu wake. Mwaka 1901 kilitoka kitabu chake cha wafalme wa Buganda, kuanzia Kintu. Mwaka 1905 alitoa kitabu cha desturi, na mwaka 1912 kitabu cha koo. Alikusanya pia hadithi ambazo wazee huwasimulia watoto. Hayo yote aliyafanya huku akitawala nchi pamoja na wenzake wawili, kwa kuwa Mfalme Daudi Chwa alikuwa mtoto mchanga alipowekwa mwaka 1897. Mmisionari John Roscoe alipotaka kuandika juu ya Waganda, Kagwa ndiye aliyemletea wazee kutoka mbali ili awaulize.

Kagwa hakuwa mtu asiye na kosa. Aliwasaidia Waingereza kupigana na Mwanga, bwana wake wa zamani, na mwaka 1900 alikuwa mmoja wa waliotia sahihi mapatano nao, ambayo wakuu walipata kwayo mashamba makubwa. Tena aliandika kama mkubwa wa serikali, kwa hiyo wenye elimu waliokuja nyuma wameyapima maneno yake kwa uangalifu. Lakini hata wanaompinga hawana budi kuanza na vitabu vyake, kwa maana wazee aliowauliza hawapo tena.

Mwaka 1926 aliacha kazi yake baada ya kugombana na maofisa wa Kiingereza, na mwaka 1927 alikufa Nairobi. Ushindi wake wa vitani ulipita, na ufalme aliouongoza umebadilika mara nyingi. Vitabu vyake vimebaki. Kile cha wafalme kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1971, miaka 70 baada ya kuandikwa.

Wakuria, Wangoreme, Waikoma na Wanata nao wana habari za koo zao, za rika zao na za safari za babu zao. Mwenye kalamu na amwendee mzee angali hai, akae chini, asikilize, kisha aandike.