Mzee Kenyatta na Vita Asivyoviendea

Wengi wetu wa pwani twamkumbuka Marehemu Mzee Jomo Kenyatta kwa usinga wake mkononi, na kwa kuwa mauti yalimfika hapa hapa kwetu Mombasa, tarehe 22 Agosti 1978. Lakini lipo jambo la ujana wake lisilotajwa sana: vita viwili vya Wazungu vilimpita naye hakuvaa sare.

Mnamo mwaka wa 1917 alikuwa Johnstone Kamau, kijana aliyesomeshwa na wamishonari wa Kiskoti huko Thogoto. Waingereza walikuwa wakipigana na Wajerumani upande wa kusini, na kwa kuwa mbung'o waliwamaliza wanyama, mizigo ya jeshi ilikwenda vichwani mwa watu. Kila chifu aliagizwa atoe vijana, watake wasitake. Kamau akashika njia ya Narok, akakaa na jamaa zake wa Kimasai, akapata ukarani kwa Mhindi mmoja mwenye kandarasi. Mshipi wa ushanga aliouvaa siku hizo ndio, yasemekana, uliompa jina la Kenyatta.

Je, ulikuwa woga? Mimi sidhani. Jeshi la wapagazi, ambalo ndilo lililotuachia jina la Kariakoo, lilikuwa kaburi linalotembea. Waliotoka Kenya wakafa, wale waliohesabiwa tu, walikuwa maelfu kwa maelfu, wengi kwa kuhara damu, homa na unga usioiva. Wagiriama walikuwa wameasi mwaka wa 1914, na kuchukuliwa vijana wao ni moja katika sababu. Hata Daktari John Arthur wa Thogoto aliwakusanya vijana wa misheni akaenda nao mwenyewe, ili wasitupwe ovyo kama wengine.

Lakini hesabu ya chifu ilikuwa lazima itimie. Akitoroka mmoja, hukamatwa mwingine. Huko sehemu za Siakago, katika nchi kavu ya Wambeere iliyotawaliwa kutoka boma la Embu, kijana asiyejua kusoma angeupata wapi ukarani? Yeye alifungwa mzigo, akaenda. Hapo ndipo moyo wangu unapokwama.

Vita vya pili vilimkuta Mzee Uingereza. Alihamia kijiji cha Storrington, akafanya kazi ya shamba iliyomwepusha na kuandikishwa jeshini, na mwaka wa 1942 akamwoa Bibi Edna Clarke. Siku hizo Waruhiu Itote alikuwa askari wa KAR, akipelekwa Burma. Baadaye Itote akawa Jenerali China wa Mau Mau, na wawili hao wakakutana katika gereza la Lokitaung, ambako asiyekwenda vitani alimfundisha askari Kiingereza.

Na Januari 1964, askari wa Lanet walipoasi, Mzee, sasa Waziri Mkuu, aliwaita Waingereza wawazime.

Sanamu za askari na wapagazi zilizowekwa Nairobi mwaka wa 1928 zimesimama katika barabara yenye jina lake. Za kwetu Mombasa vile vile. Zina maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, wala hamna jina la mpagazi hata mmoja.