Robert Koch: Daktari aliyeitambua tauni ya Kiziba

KILA kipindupindu kinapozuka Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wapimaji hufuata njia iliyofunguliwa na daktari Mjerumani, Robert Koch.

Alizaliwa Clausthal mwaka 1843. Mwaka 1882 alitangaza kugundua vimelea vya kifua kikuu, na miaka miwili baadaye akavitenga vya kipindupindu.

Mwishoni mwa miaka ya 1890, watu wa Kiziba, magharibi mwa Ziwa Victoria, walikuwa wakifa kwa maradhi ya kuvimba mitoki. Koch, akiwa Dar es Salaam, alipima sampuli kutoka huko na kutambua kuwa ni tauni.

Alitunukiwa Nobel mwaka 1905, akafariki dunia mwaka 1910.

Kiziba iliacha fundisho: hadubini ya mjini haioni kitu iwapo kijiji hakikupeleka sampuli mapema.