Ian Donald: Daktari aliyetumia mwangwi kumpima mtoto tumboni

KATIKA kituo cha Kawangware 46 jijini Nairobi, ambacho jina lake limetokana na nambari ya matatu ziendazo huko, si ajabu kumwona mama mjamzito akishuka garini na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha hiyo mna picha nyeusi na nyeupe, pamoja na karatasi inayotaja umri wa mimba na uzani wa mtoto kwa gramu.

Aghalabu tarakimu ya gramu ndiyo inayomnyima mama usingizi. Ikiwa kubwa mno, huhofia kisu cha daktari. Ikiwa ndogo mno, hudhani mtoto anadhoofika. Hata hivyo, ni wachache wanaomjua mtu aliyeifanya tarakimu hiyo iwezekane, au wanaoijua mipaka ya kile ambacho mashine inaweza kusema.

Mtu huyo ni Profesa Ian Donald, daktari wa uzazi aliyefariki dunia mwaka 1987.

Donald alizaliwa Desemba 27, 1910 katika mji wa Liskeard, Uingereza, katika ukoo wa madaktari wenye asili ya Scotland. Mwaka 1925, akiwa bado mwanafunzi, familia yake ilihamia Afrika Kusini, na akaendelea na masomo jijini Cape Town. Huko ndiko alikowapoteza wazazi wake wote wawili angali kijana.

Licha ya msiba huo, alihitimu shahada ya kwanza Cape Town kabla ya kurejea Uingereza kusomea udaktari katika hospitali ya St Thomas', London. Alifuzu mwaka 1937, mwaka ambao pia alimwoa Alix Richards, binti ya mkulima wa Afrika Kusini.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta akianza kazi. Alijiunga na jeshi la anga mwaka 1942, na baadaye akatunukiwa nishani kwa ushujaa wa kuwaokoa wanajeshi waliokuwa wamenaswa ndani ya ndege iliyokuwa ikiteketea. Jeshini pia alijionea mitambo ya rada, na vilevile ile itumiayo mwangwi kutambua kilichojificha chini ya maji. Wazo hilo halikumtoka akilini.

Mwaka 1954 aliteuliwa kuwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Enzi hizo daktari aliyetaka kujua hali ya mtoto tumboni alitegemea viganja vyake, utepe wa kupimia na sikio. Njia nyingine ilikuwa eksirei. Lakini mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Oxford alitoa matokeo ya awali yaliyohusisha eksirei za wajawazito na saratani miongoni mwa watoto waliozaliwa. Haja ya njia salama zaidi ikawa dhahiri.

Julai 21, 1955 Donald alifunga safari ambayo wengi wangeiona kichekesho. Alikwenda katika kiwanda cha kampuni ya Babcock & Wilcox mjini Renfrew, karibu na Glasgow, iliyokuwa ikitengeneza mitambo mikubwa ya mvuke. Wahandisi wa hapo walitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Donald aliwapelekea garini vivimbe vilivyotolewa wagonjwa kwa upasuaji, nao wakamtolea kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe kwa ajili ya kulinganisha.

Jaribio hilo lilifaulu. Uvimbe uliojaa maji ulirudisha mwangwi tofauti na ule wa nyama ngumu. Msingi wake ni mwepesi kueleweka: kifaa hutuma sauti kali isiyosikika kwa sikio la binadamu, sauti hiyo hugonga mpaka kati ya kitu kimoja na kingine, kisha sehemu yake hurudi. Muda inaochukua kurudi ndio unaoonyesha umbali.

Safari ya kutoka kiwandani hadi kitandani mwa mgonjwa ilihitaji fundi. Huyo alikuwa Tom Brown, mhandisi kijana wa kampuni ya Kelvin & Hughes, aliyesikia kwa bahati tu kwamba profesa mmoja alikuwa akihangaika na mtambo wa kukagua vyuma. Brown alimpigia simu. Wawili hao, pamoja na daktari John MacVicar, wakaanza kuunda mashine ya kutoa picha.

Baadhi ya wataalamu waliwabeza. Mambo yalibadilika pale Donald alipoombwa amchunguze mwanamke aliyedhaniwa kuwa katika hatua za mwisho za saratani ya tumbo. Mwangwi ulionyesha uvimbe mkubwa wa maji uliotokana na ovari. Mama huyo alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, naye akapona. Juni 7, 1958 watatu hao walichapisha matokeo ya kazi yao katika jarida la Lancet, na tangu hapo dhihaka zikapungua.

Punde Donald akagundua kwamba mfupa wa kichwa cha mtoto aliye tumboni hurudisha mwangwi ulio wazi kabisa, upande huu na upande ule. Kwa hiyo upana wa kichwa ungeweza kupimwa. Wenzake wa Glasgow, akiwemo daktari James Willocks, waliutumia upana huo kufuatilia ukuaji wa mtoto na kukadiria uzani wake.

Ila kichwa peke yake hakikutosha. Mtoto anayekosa lishe tumboni aghalabu hukonda kiwiliwili kabla ya kichwa kupungua. Mwaka 1975 daktari Stuart Campbell, aliyewahi kufanya kazi chini ya Donald, alionyesha pamoja na mwenzake jinsi mzingo wa tumbo la mtoto unavyoweza kukadiria uzani. Muongo mmoja baadaye, daktari Frank Hadlock na wenzake nchini Marekani walichapisha kanuni zinazojumuisha kichwa, tumbo na mfupa wa paja. Kanuni hizo bado zimo katika mashine nyingi za altrasaundi.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mama wa Kawangware anapaswa kulielewa. Mashine haimpimi mtoto kwa mizani. Hupima urefu na mizingo, kisha hukokotoa. Makadirio hayo huweza kupotoka kwa asilimia 10 hadi 15, au hata zaidi. Mtoto aliyeandikiwa kilo 3.5 huenda akazaliwa na kilo 3 au kilo 4. Mtoto mkubwa sana, maji machache ya uzazi, mkao wa mtoto na ujuzi wa anayeshika kifaa, yote huongeza shaka.

Aidha, mama anayepigwa picha ya kwanza mimba ikiwa imekomaa hukabiliwa na tatizo jingine. Watoto wachanga wa mimba hulingana sana kimo, ndiposa skani ya mapema hukadiria umri vyema. Kadiri miezi inavyosonga, kila mmoja hukua kivyake. Ikiwa tarehe hazijulikani, daktari hushindwa kutofautisha mtoto mdogo aliyedumaa na mwenye afya ambaye siku zake hazijatimia. Mmoja huhitaji kuzalishwa haraka, mwingine huhitaji kuachwa akue. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apate skani moja kabla ya wiki ya 24.

Donald mwenyewe alifanya kazi akiwa mgonjwa. Vali za moyo wake zilikuwa mbovu na alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo zaidi ya mara moja, wa kwanza ukiwa mwaka 1961. Hakuacha kufundisha wala kuzalisha. Alisimamia pia mipango ya hospitali ya uzazi ya Queen Mother's, iliyofunguliwa Glasgow mwaka 1964.

Hakupendwa na wote. Alikuwa mwepesi wa hasira, na upinzani wake mkali dhidi ya sheria ya mwaka 1967 iliyoruhusu utoaji mimba nchini Uingereza ulimtenga na baadhi ya wenzake.

Alistaafu mwaka 1976 na kufariki Juni 19, 1987 katika kijiji cha Paglesham, Essex, akiwa na umri wa miaka 76.

Mashine iliyozaliwa kutokana na nyufa za vyuma sasa imefika hadi kwenye zahanati za mitaa. Lakini haijaondoa haja ya mkunga anayegusa tumbo, anayepima kimo chake kwa utepe na kumuuliza mama iwapo mtoto anacheza. Karatasi iliyo ndani ya bahasha ni shahidi mmoja tu. Mama anayeambiwa kwamba mtoto wake ni mkubwa au mdogo kupita kiasi ana kila haki ya kuuliza skani ya kwanza ilisema nini, na ni dalili gani nyingine zinazounga mkono tarakimu hiyo.