Odhiambo na njia ya doktora

Mwenzangu wa fani ya lugha atauliza: mtaalamu wa wadudu anatuhusu nini? Anatuhusu, maana kizuizi alichopambana nacho kipo mbele yetu pia.

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Makerere. Siku zile, Mwafrika wa Mashariki aliyetaka doktora ya sayansi alitazama Ulaya. Naye akaenda Cambridge, akaipata mwaka 1965. Kisha akarudi Nairobi, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kuchunguza wadudu wanaotusumbua: mbung'o, kupe, viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi.

Lakini kituo kisicholea watafiti hakidumu. Mwaka 1983 ICIPE na vyuo vikuu kadhaa vya Afrika vikaanza mpango wa pamoja wa doktora. Mwanafunzi huandikishwa katika chuo kikuu, utafiti huufanya kituoni, shahada hupewa na chuo chake. Hivyo maabara, mwalimu na mdudu mwenyewe wakawa mahali pamoja.

Odhiambo alifariki mwaka 2003, mimi nikiwa bado mtoto. Leo nasoma lugha za Kivu, nazo, kama mbung'o, makao yake si Ulaya. Hata hivyo, wengi wetu hapa Bukavu tukiwaza doktora tunawaza safari. Maisha yake hayanikatazi kusafiri. Yeye mwenyewe alisafiri. Yananidai kitu kingine: anayerudi na shahada amfungulie anayemfuata mlango ulio karibu zaidi.