Richard Burton na neno safari

Richard Francis Burton alizaliwa Torquay, Uingereza, mwaka 1821, akafariki Trieste mwaka 1890. Alikuwa askari nchini India, akajifunza lugha nyingi, na mwaka 1853 aliingia Makka akijifanya hujaji. Hayo yamesimuliwa sana. Sisi tunamkumbuka hapa kwa sababu ya neno moja.

Juni 1857 yeye na John Hanning Speke walivuka kutoka Unguja kwenda bara. Walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba, na Ujiji Februari 1858. Huko Kaze mfanyabiashara Snay bin Amir alimsimulia habari za Karagwe, nchi ambayo Burton hakuifikia. Speke ndiye aliyepokewa na Rumanyika mwaka 1861. Kitabu alichokitoa mwaka 1860 kiliwaeleza Waingereza hata viambishi vya m-, wa-, ki- na u-. Yeye pia ndiye anayenasibishwa na kuliingiza neno safari katika Kiingereza, ingawa sifa hiyo ingewastahili zaidi wapagazi waliolitamka njia nzima wakiwa na mizigo kichwani.

Kiingereza kilichukua nomino, na baadaye kikaitumia kama kitenzi bila kuigeuza umbo. Kitenzi hicho, adimu hata kwa wenye lugha, maana yake ni kwenda porini kuwinda au kutazama wanyama. Kiswahili kina kitenzi chake, safiri, na wanafunzi wengi hudhani kimetokana na safari kwa kubadili irabu. Sivyo. Kiswahili hakina kanuni ya unyambulishaji ya namna hiyo. Tulikopa mara mbili: nomino safar ikawa safari, na kitenzi sāfara, katika umbo lake la amri sāfir, kikawa safiri. Ndivyo pia baraka na bariki zilivyoingia.

Kwa hiyo mfasiri akikutana na kitenzi hicho cha Kiingereza asikimbilie safiri. Abiria anayetoka Nshambya kwenda Muleba kuhani msiba anasafiri, na hakuna mnyama anayekwenda kumtazama. Katika matini za kikoloni, kwenda kuwinda ndiyo tafsiri inayofaa mara nyingi. Katika matangazo ya utalii ya leo, kutembelea hifadhi.