Hemingway: Mvuvi aliyetafuta zana zisizovunjika

MKAZI wa Suna anapokwenda sokoni Migori kununua mbuta, ni nadra kuuliza samaki huyo amenaswa kwa zana gani. Wavuvi wa Muhuru, Karungu na Sori huingia ziwani na nyavu zao, wengine na kamba ndefu zenye ndoana, na nguvu inayomtoa samaki majini ni ya mkono wa binadamu. Katika upande wa pili wa nchi, huko Malindi, Watamu na Shimoni, upo uvuvi wa namna nyingine. Huo hutegemea ufito, mshipi, na kigurudumu cha kukunjia mshipi ambacho wavuvi hukiita rili.

Miongoni mwa watu mashuhuri waliowahi kuvua kwa njia hiyo katika pwani yetu ni Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1954. Wengi humkumbuka kwa vitabu na kwa uwindaji wake. Wachache hujua kwamba bahari ndiyo iliyomshughulisha zaidi, na kwamba alitumia sehemu kubwa ya umri wake akitafuta zana ambazo chumvi na samaki wakubwa hawangeweza kuziharibu.

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago. Baba yake, aliyekuwa daktari, ndiye aliyemfundisha kuvua na kuwinda angali mtoto. Uvuvi wake wa kwanza ulikuwa wa maji baridi, katika mito na maziwa ya jimbo la Michigan, alikovua trauti. Baadaye alipenda pia kuvua kwa chambo cha manyoya, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi hadi ikafanana na mdudu.

Mwaka 1928 alihamia Key West, kisiwa kilicho kusini kabisa mwa Florida. Huko alikutana na bahari yenye samaki waliomzidi mtu uzito mara nyingi. Kuanzia 1932 alivuka mara kwa mara hadi Cuba kumfuata nduaro, samaki mkubwa ambaye mdomo wake umechongoka kama mkuki, na mara akaanza kuwaandikia wasomaji wa majarida kuhusu uvuvi huo.

Ni vyema kueleza kwa nini zana lilikuwa jambo zito. Samaki wa aina hiyo akishanaswa hukimbia kwa kasi na kuvuta mamia ya mita za mshipi. Rili ya zamani haikuwa na breki ya maana. Mvuvi alikandamiza mshipi kwa kipande cha ngozi akitumia kidole gumba, na mpini uliozunguka kwa nguvu uliweza kumvunja vidole. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1913, pale mvuvi William Boschen alipomnasa samaki-upanga huko California kwa rili yenye breki ya ndani, inayokazwa kwa gurudumu dogo lenye umbo la nyota. Tangu hapo samaki alishindana na msuguano wa visahani vilivyo ndani ya mtambo, na vidole vya mvuvi vikasalimika.

Hata hivyo, breki hiyo ilipata moto samaki alipokimbia mbali, nayo chumvi ilikula vyuma. Enzi za Hemingway, wavuvi wenye uwezo walitegemea rili za Hardy wa Uingereza na za Vom Hofe wa New York. Mishipi ilikuwa ya kitani, na ililazimu kuanikwa kila baada ya safari isije ikaoza. Aliyezembea kazi hiyo jioni alijikuta amepoteza samaki asubuhi.

Desemba 1933 Hemingway aliteremka Mombasa kwa mara ya kwanza, akiwa na mkewe wa pili, Pauline. Safari yao ya uwindaji, wakiongozwa na Philip Percival, iliwapeleka Tanganyika. Humo aliugua ugonjwa wa kuhara damu, na mnamo Januari 1934 akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa. Uwindaji ulipokwisha, kundi hilo lilielekea Malindi kuvua. Walipata samaki wazuri, wakiwemo nguru, felusi na sulisuli, yule mwenye pezi refu mgongoni lililotanda kama tanga. Hata hivyo, injini ya mashua waliyoikodi iliwasumbua mno.

Miezi michache baadaye, akiwa amerejea Marekani, Hemingway aliagiza mashua yake mwenyewe kutoka kwa waundaji wa Brooklyn, New York. Aliipa jina Pilar. Ilikuwa na urefu wa futi 38, ikagharimu takriban dola 7,500, na sehemu ya fedha hizo alitangulizwa na jarida la Esquire kwa ajili ya makala ambayo angeliandikia. Aliagiza sehemu ya nyuma ipunguzwe kimo na kuwekewa gurudumu la mbao ili kuwaingiza samaki wakubwa kwa urahisi. Tena alitaka injini mbili, ile kubwa ya safari na ndogo ya kuvutia chambo polepole. Kubwa ikikwama, ndogo ingewarudisha nyumbani. Aliyekwisha kukwama baharini huko Malindi hakuhitaji kuelezwa faida ya mpango huo.

Mwaka 1935 aliipeleka Pilar hadi Bimini, visiwani Bahamas, kuvua jodari. Safari ya kwanza ilimharibikia. Alipokuwa akijaribu kummaliza papa kwa bastola, risasi ilivunjika vipande na kumjeruhi miguu yote miwili. Alirudi, akatibiwa, akaenda tena. Jodari wengi wa Bimini walikuwa wakiliwa na papa kabla ya kufika mashuani. Hemingway alionyesha kwamba samaki akivutwa kwa nguvu tangu mwanzo, bila kupumzishwa, aliweza kutolewa akiwa mzima. Mbinu hiyo ilihitaji rili isiyoshikana, ufito usiokatika na mgongo wa mtu usiochoka. Uvuvi wa michezo ulipopata chama chake cha kimataifa mwaka 1939, Hemingway alikuja kuwa mmoja wa makamu wa rais wake.

Mwaka 1940 lilimpata pigo ambalo halikutokana na chumvi wala samaki. Sanduku lake lenye zana za kuvulia maji baridi, zikiwemo fito na rili alizozikusanya kwa miaka, lilipotea njiani likisafirishwa kwa reli kwenda Idaho. Kwa masimulizi ya mwanawe mkubwa, Jack, tangu hapo uvuvi wa chambo cha manyoya ulimtoka moyoni.

Mwaka 1952 alichapisha riwaya fupi ya The Old Man and the Sea, kuhusu mvuvi mkongwe wa Cuba anayemnasa nduaro mkubwa kupita mashua yake. La kustaajabisha ni kwamba mwandishi huyu aliyezijua rili zote za zama zake hakumpa mhusika wake hata moja. Mzee Santiago huvua kwa mshipi wa mkono, unaomchana viganja, kama wanavyoujua mshipi huo wavuvi wa Lamu na wa Ziwa Victoria.

Agosti 1953 Hemingway alirejea Kenya akiwa na mkewe wa nne, Mary. Januari 23, 1954, ndege ndogo waliyoikodi iligonga waya wa zamani wa simu karibu na Maporomoko ya Murchison, Uganda, ikaanguka. Siku iliyofuata, huko Butiaba kando ya Ziwa Albert, ndege ya pili iliyokuja kuwachukua ilishika moto ikijaribu kuruka. Hemingway aliupiga mlango kwa kichwa hadi ukafunguka. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake.

Alikuwa hai, lakini fuvu lilikuwa na ufa, uti wa mgongo umeumia, ini na figo vimejeruhiwa. Hata hivyo alikwenda Shimoni, kwenye kambi ya uvuvi iliyopangwa kabla ya ajali. Maumivu yalimweka kambini muda mwingi huku wengine wakivua. Moto wa nyika ulipozuka karibu na kambi alitaka kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake, akaungua miguu, mkono, kifua na midomo. Machi mwaka huo aliondoka Mombasa kwa meli. Tuzo ya Nobel ilipotangazwa Oktoba, hakuweza kusafiri hadi Stockholm kuipokea.

Afya yake haikurejea. Aliondoka Cuba mwaka 1960, akalazwa hospitalini kwa maradhi ya huzuni na hofu, na Julai 2, 1961 alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, Idaho. Alikuwa na umri wa miaka 61. Mashua yake imemzidi umri. Pilar imehifadhiwa hadi leo katika nyumba yake ya zamani nje ya Havana.

Siku hizi sulisuli wa Malindi na Watamu hufuatwa hata kwa chambo cha manyoya, na rili za kazi hiyo hutengenezwa kwa alumini iliyotiwa ngozi ngumu, breki zake zikiwa zimefunikwa maji yasipenye. Anayenunua huangalia breki iachie mshipi bila kushtuka, na kigurudumu kiwe kipana cha kubeba mamia ya mita za mshipi wa akiba. Lakini rili ya bei kubwa isiposuuzwa kwa maji baridi kila jioni, na breki yake isipolegezwa kabla ya kuwekwa, itaoza kama ile ya bei nafuu. Hemingway aliijua vyema kanuni hiyo kwa upande wa zana. Mwili wake mwenyewe, uliojeruhiwa mara kwa mara na kurudishwa kazini kabla ya kupona, hakuutunza hivyo.